Nimeziba Matundu ya Jukwaa la Mpwa Wangu

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada, ingawa kwa kawaida mimi ndiye ninayeombwa. Ni mchomeleaji wa vyuma, karakanani wananiita Mjomba Cheche, na mkono huu unaokuandikia umewahi kuunga nanga iliyokatika huku meli ikiendelea na safari. Shule niliiacha mapema, hasara ikawa ya shule.

Sasa sikiliza. Mtoto wa dada yangu ni injinia, amebuni jukwaa kubwa la kuelea baharini, chini vizimba vya samaki, pembeni kamba za mwani, juu paneli za sola na mapanga ya upepo ya kuzalisha umeme, yaani bahari moja inafanya kazi nne bila kuchoka, na yeye ndiye aliyeniombea kazi pale, na mimi mtaani nimeshasema, kidogo tu, kwamba wazo ni langu, nililichora nyuma ya kalenda yeye akiwa bado ananyonya.

Basi siku moja, jukwaa likiwa bado nchi kavu, niko chini yake nachomelea maguu yake manne ya kuelea, mapana kama matangi, nikaona kila guu lina matundu mawili. Mshauri, chombo cha kuelea, kina matundu! Nikasema huyu mtoto kasoma mpaka kasahau, nikimwambia mbele za watu nitamwaibisha, na mkaguzi ameshapita, nikayaziba yote manane, nikasaga, nikapaka rangi, hata nzi angeteleza pale asijue palikuwa na tundu.

Wiki iliyopita likashushwa majini kwa majaribio. Badala ya kuzama kiasi na kutulia, limesimama juujuu, linayumba kama mlevi kwenye ngazi. Ndipo nikamsikia mpwa wangu akimwambia mwenzake, "Maji yanaingia kwenye matundu, maguu yanakuwa mazito, linatulia. Sasa mbona halitulii?" Nikaenda kuficha kopo la rangi.

Siku hizi mpwa wangu hali chakula. Karatasi zimejaa mezani, dada yangu anaweka sahani dirishani. Jana nikamuuliza, "Injinia, vipi?" Akasema, "Mjomba, kosa ni langu. Nimerudia hesabu mara tisa, silioni, lakini lipo. Jumatatu nawaambia wakubwa watafute injinia mwingine." Nikamwambia labda ni mwezi, maana mwezi unavuta maji. Akaandika! Mshauri, kaandika "mwezi" kwenye karatasi!

Nikisema, heshima yangu mtaani imekwisha. Nisiposema, si atapata kazi nyingine? Ana vyeti. Nishauri, ila usiniambie niseme.

Mjomba Cheche

*

Mjomba Cheche,

Sema.

Nimecheka barua yako mpaka nilipofika kwenye "mwezi". Hapo nikaacha. Mtoto anazama, wewe unamtupia jiwe na kuliita boya.

Nanga nimeiacha, kalenda pia nimeiacha. Hukutaka kumwaibisha mbele za watu, hilo nalielewa. Lakini simu ulikuwa nayo, na mdomo nao naona ni mzima kabisa. Ungemuuliza, "Mpwa, haya matundu ya nini?" angekujibu kabla hujavaa miwani ya kuchomelea.

Unajua kwa nini kosa halioni? Kwa sababu analitafuta kwenye hesabu zake. Chuma hajakigusa, maana chuma kilipita mikononi mwako. Amejishuku mwenyewe mara tisa kabla ya kukushuku wewe mara moja. Hiyo ndiyo heshima uliyonayo, ndugu yangu. Ile ya mtaani ni kelele tu.

Kwa hiyo usisubiri Jumatatu. Ukimaliza kusoma hapa, nenda kwa dada yako, sogeza karatasi, kaa, umwambie mpwa wako kabla hata ya kupokea chai. Kisha mfuatane kwa mkuu wa karakana, naye umwambie vilevile, mpwa wako akisikia. Mtu yeyote asipande jukwaa hilo mpaka likaguliwe upya. Na matundu utayakata wewe mwenyewe, yeye amesimama na mchoro wake, ukate anapokuonyesha, si unapopaona wewe.

Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki, halafu atakula.

Maneno ya kusema ni matatu tu: "Mwanangu, niliziba matundu." Usithubutu kutafuta la nne. Nakujua, ukifika hapo nanga itaingia.