Alama ya mkaa mlangoni

Jumatano, Desemba

Kumbe tiketi zenyewe huuzwa kwa urefu wa mtoto. Mwanangu Eliamani anataka kuwapeleka wanawe likizo hii kwenye bustani ya michezo ya maji huko Dar, ndiyo maana akapiga simu leo niwapime, ajue nani wa tiketi ya mkubwa na nani ya mtoto.

Nikawasimamisha mlangoni, pale nilipowachora kwa mkaa Krismasi iliyopita. Yona amepanda sana. Dada yake Nakijwa, wa miaka kumi na miwili, nikaona naye kaongezeka kidogo, nikafurahi. Kisha nikatazama chini. Amesimama kwa vidole.

"Shusha visigino, mjukuu wangu."

"Bibi, usimwambie baba."

Akashusha. Kichwa kikarudi kwenye mkaa uleule wa mwaka jana.

Nilipompa vipimo, Eliamani akacheka kwenye simu. "Afadhali, mama, huyo atapita na tiketi ya mtoto."

"Unacheka nini, mjinga wewe? Mtoto hakui."



Mimi ndiye niliyekaa naye mwaka mzima. Namsuka, nampikia, na sikuona. Niliona tu sketi ya shule bado inamtosha, nikashukuru.

Kesho tunashuka Same, hospitali. Nimemkataza Eliamani asinunue tiketi yoyote kabla hatujarudi.

Nakijwa ameniuliza kama anaweza kwenda na viatu vya kanisani, vile vya kisigino.

Nimemwambia avae.