Tunda la Kumzikia Odhiambo

Jumapili, mvua tangu alfajiri. Mwaka wa tatu wa Uhuru.

Leo nimeiba. Jana Sabato niliimba kanisani mpaka sauti ikakauka, na leo nimemwibia mama mkwe.

Nilichoiba ni yago, lile tunda refu, zito, tunalozika badala ya mtu ambaye mwili wake haukupatikana. Shemeji alilileta kutoka Homa Bay. Kaburi limeshachimbwa, refu kama Odhiambo mwenyewe. Kesho asubuhi ndiyo maziko, na likishafukiwa, mume wangu amekufa mbele ya watu wote.

Miezi minne imepita tangu shimo la dhahabu liwaangukie. Wenzake wawili walitolewa. Yeye hapana.

Mimi nilikataa kwamba amekufa. Kila wiki napanda kilima kile cha Osiri hadi kwenye handaki la zamani lililoachwa, lililopakana na shimo lile, naweka sikio ukutani. Mchimbaji akifukiwa hugonga mwamba mara tatu. Odhiambo mwenyewe aliniambia. Sijasikia kitu. Najua miezi minne ni nini, mimi si mjinga. Lakini naenda.

Handaki hilo karani mzee wa mgodi, Bwana Perera wa kutoka Seiloni, amelifanya hekalu lake. Amefinyanga sanamu ya Buda kwa udongo, amefagia, ameweka taa ya mafuta na ubani. Humo kimya mpaka unasikia maji yakidondoka. Hajawahi kuniuliza ninafuata nini, na kwa hilo nampenda.

Leo nilikwenda kuficha tunda nyuma ya mawe. Kumbe yumo ndani! Akanikuta nimesimama mlangoni, nimelowa chapachapa, yago nimelikumbatia kama mtoto. Akadhani nimeleta sadaka.

"Asante sana, mama," akasema. Akalipokea kwa mikono miwili, akaliweka mbele ya Buda wake, katikati ya maua. Nikashindwa kumwambia.

Maua yenyewe yalikuwa ya wiki iliyopita, yamenyauka. Nikamwuliza, kwa hasira hata sijui ya nini, mbona hayatupi.

"Kazi yake ni hiyo, mama. Mimi naweka mzuri, naangalia inakauka. Halafu najua hata mimi takauka." Kisha akauliza, "Hii tunda ni ya nani?"

"La marehemu mume wangu."

Marehemu. Limenitoka kinywani mwangu mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha. Nikakaa chini palepale nikalia, nikalia mpaka kifua kikauma. Mzee akasoma maneno ya kwao, polepole. Nilipotulia, niliweka sikio ukutani. Maji tu.

Nikaomba tunda langu. Akanirudishia.

Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni akinisubiri. Nilijua atanitukana, na haki yake. Akalipapasa lile tunda, bado linanukia ubani, akaniita kwa jina la kwetu, binti wa Karungu, kama siku ile nilipoolewa.

"Nyar Karungu, alale kwako leo. Kesho tutamtoa."

Nimelilaza upande wake wa kitanda, nimelifunika shati lake la kazi. Sitapigana nao tena. Nguvu zimeniisha, na matumaini yaliniisha zamani, ila nilikuwa naona aibu kusema.

Kesho tutazika. Lakini wiki ijayo nikipanda kilima, nikasikia mwamba ukigongwa mara tatu, nitamwambia nani?