Komeo la Rafadha

Melini Halward,
Bandari ya Lisbon,
Jumapili, 10 Machi 1861.

Kwa dada yangu mpenzi Thomasine,

Salamu nyingi zikufikie hapo Saltash, wewe na mtoto Jenifer. Natumaini kifua cha Mama kimepata nafuu tangu baridi ilipopungua, na kwamba paa la jikoni halivuji tena. Mimi mwili ni mzima. Mengine utayasoma, na nakusihi uyasome ukiwa umeketi, Mama asiwepo.

Nilipokuandikia Novemba juu ya kifo cha mumeo, nilisema kamba ilikatika, basi. Sikukueleza ilivyokuwa.

Unajua meli yetu huenda kwa matanga na kwa mvuke pia. Upepo ukiwa mzuri, nahodha huamuru moto uzimwe ili kuokoa makaa, dohani ishushwe, na rafadha, lile panga kubwa la shaba linalotusukuma, itolewe majini na kuvutwa juu ndani ya kisima kilichoko tezini, nyuma ya meli, isije ikatukokota nyuma. Uzito wake ni kama ng'ombe thelathini. Watu mia tatu huivuta kwa kamba huku mpiga fidla akiwatia moyo. Kazi yangu ilikuwa kukaa kisimani na kuangalia komeo la chuma likiingia kwenye jino lake kila rafadha ilipopanda hatua moja, ili kamba ikikatika isirudi chini.

Siku ile tulikuwa pamoja na meli nyingine ya kikosi chetu, na kila mtu alitaka tuwashinde kuinua rafadha. Mara ya mwisho walitutangulia kwa dakika mbili, na mabaharia wakatulaumu sisi wachochea moto. Mumeo Digory ndiye aliyetania zaidi. Tulipokuwa tunakula alinisukumia biskuti yake akaniambia, "Kula shemeji, pengine leo nyie panya wa makaa mtaamka kabla rafadha haijaota majani." Watu walicheka, nami nikacheka. Unamjua, hakuwa na ubaya. Lakini lilinikaa moyoni.

Kamba ilikatika ulipobaki urefu wa mtu mmoja tu. Rafadha ikaanguka, na kamba ikarudi kwa kasi ikiwazoa watu. Digory alikuwa wa mbele kabisa, karibu na kapi, ikambamiza kwenye nguzo ya chuma. Aliishi saa tatu. Aliniuliza kama tumewashinda wale wenzetu. Nikamwambia ndiyo.

Maofisa walichunguza wakasema kamba ilikuwa imeoza. Mzee Levi Stribley, serahangi aliyekuwa akitunza kamba zote, akavuliwa cheo baada ya miaka ishirini na sita, na sasa anasugua sitaha pamoja na walioajiriwa juzi. Hakujitetea. Ila kipande cha ile kamba alikihifadhi, nami nimemwona mara nyingi akikifumua uzi baada ya uzi, akiutafuta huo uozo.

Hajui kuandika. Januari alinijia akasema, "Mwanangu, wewe ni ndugu wa yule mjane. Nisaidie nimwombe radhi." Ile barua uliyoipokea kwa jina lake, dada, mwandiko ni wangu, bila shaka uliutambua. Ulijibu kwamba hutamsamehe hapa duniani wala mbele ya Mungu, na kwamba Jenifer atakua akilijua jina la aliyemuua baba yake. Nilimsomea mimi. Aliniomba nirudie pale palipotajwa mtoto. Kisha akasema una haki, akanishukuru kwa kumsomea vizuri.

Dada, komeo lilikuwa na tabia ya kukwama na kutuchelewesha. Siku ile nililiinua nikalifunga kwa uzi wa katani, ili rafadha ipande bila kusita. Nilitaka Digory akose la kusema. Kamba yoyote yaweza kukatika, na komeo liliwekwa kwa sababu hiyo. Juu watu walipokuwa wakipiga kelele za maumivu, mimi kule chini nilikuwa nakata ule uzi na kuutupa majini kabla maofisa hawajashuka.

Leo baada ya sala nilikwenda kwa nahodha nikamweleza yote. Hakunikaripia. Nitapelekwa Plymouth mbele ya mahakama ya kijeshi. Kisha nikamfuata Stribley. Aliuliza kama wewe umeshajua. Niliposema bado, akaweka brashi yake chini akasema, "Basi mwandikie yeye kwanza. Mimi nitasubiri."

Kwa ajili yangu sikuombi kitu. Mwandikie Mzee Stribley. Safari hii atatafuta mtu mwingine wa kumsomea.

Mbusu Jenifer kwa niaba yangu, ukiweza. Mama mwambie siku utakayoona anaweza kustahimili.

Ni mimi nduguyo,
Pascoe Rodda