Simu Iliyofundishwa Adabu

Mama, shikamoo. Nipo kijijini Kilema, jua linachoma ila upepo wa mlimani ni baridi, na mkononi nina ndizi ya kuchoma.

Kampuni yetu ilikuwa ikiwatumia wakulima ujumbe wa simu kuwaambia zamu zao za maji ya mfereji. Hakutokea mtu mferejini, na migomba ikazidi kunyauka. Nilipokuja kuuliza, Mama Aikaeli, mkulima wa kahawa, alinikazia macho: "Simu yenu haina hata shikamoo, inaamrisha tu! Kwani nimeajiriwa na nyie?"

Tukabadilisha. Jana simu ziliita, na sauti tuliyorekodi ya binti wa hapahapa ikaanza na shikamoo, ikauliza habari za nyumbani na mifugo, ndipo ikataja zamu. Mama, ungeona! Watu walitoka na majembe kama wanaenda harusini. Maji yakaingia shambani kwa Mama Aikaeli, naye bado anaijibu simu: "Marahaba mwanangu, ng'ombe hajambo!"

Nilipokuwa mdogo ulikuwa ukinirudisha mlangoni niingie upya na salamu. Safari hii umeirudisha kampuni nzima.

Nakukumbatia kwa nguvu,
Joyce wako