Waliotaka Niharamishe Maziwa ya Zamu

Mama Zuhura, mke wangu,

Naanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, na namwomba alipanue kaburi lako na kulitia nuru. Najua kwamba kinachomfikia maiti ni dua na sadaka, wala si wino. Lakini nyumba hii haina tena mtu wa kuzungumza naye kwa lugha ya kwenu Lamu, na yaliyonijaa kifuani yameanza kuoza. Nivumilie niyatoe.

Tangu tulipokuzika, kijiji hiki serikali ilichotuhamishia kimezungushiwa seng'enge mara ya pili. Lango limebaki moja. Anayetaka kwenda mjini Garissa huonyesha kibali, hupekuliwa, kisha hupita. Ngamia waliosalia hulishwa karibu na ua na hurudishwa kabla ya magharibi. Mbuzi wako wazima, na yule mweupe amezaa. Zuhura anawakama mwenyewe, ila bado hajui kumtuliza yule mkorofi kwa mbinja kama ulivyokuwa ukifanya.

Wanawake wa maziwa hawakuifuta zamu yako. Ilipofika, Habiba, mkubwa wao, alikuja hapa mlangoni na chombo kizima, akasema, "Marehemu ametutilia kila asubuhi. Amekufa yeye, haki yake haikufa." Zuhura akaenda kuyauza, akarudi na unga na mafuta. Sasa anapika mahamri pale ulipokuwa ukipika, na watu wananunua. Yanakuwa magumu kidogo. Nayala hivyo hivyo.

Nakumbuka siku uliyojiunga nao, na kibuyu chako cha maziwa ya mbuzi. Walikucheka wee. "Abaayo, dada yetu," alisema mmoja, "huko Lamu mnakama samaki?" Nawe ukajibu bila hata kugeuka, "Tunawakama, dada yangu, na hawapigi teke kama ngamia wenu." Toka siku hiyo ukawa wao.

Ulinieleza mpango wao jioni ile ile ukikanda unga. Kila mwanamke huleta kopo moja la maziwa, yakaonjwa mbele ya wote, na aliyetia maji akarudishwa kwake na aibu yake. Kisha yote humiminwa katika chombo kimoja, na siku hiyo ni ya mmoja tu. Huyo huyapeleka mjini, na atakachokipata ni chake. Kesho ni ya mwingine. Kopo moja halimfikishi mtu popote, ulisema, lakini chombo kizima kinamnunulia gunia la unga, au birika la kuuzia chai, au kitambaa cha kukata na kushona. Nikakuuliza kama hiyo si kamari. Ukanijibu, "Maalim, kwenye kamari kuna anayeondoka mikono mitupu. Nionyeshe mmoja." Jibu hilo nilikuwa nimekwisha kuliona kitabuni, ila lako lilikuwa fupi zaidi.

Sasa sikiliza walichotaka kukifanya.

Unamkumbuka Dekha, yule mwembamba aliyekuosha miguu ulipozidiwa na homa. Mumewe alikimbilia porini baada ya ngamia wao kuchukuliwa, na hajaonekana tena. Serikali inamwita shifta, yaani mwasi wa porini. Dekha hajui kama yu hai au amekwisha kuliwa na fisi, na ana mtoto wa kunyonya. Hana kingine duniani isipokuwa mbuzi wachache na zamu yake.

Na unamjua Haji Gabow, anayewauzia askari nyama kambini, ambaye hakosi safu ya mbele msikitini. Kwa muda mrefu ametaka maziwa nayo yapite mkononi mwake, ayanunue kwa kila mwanamke peke yake kwa bei aipendayo. Wakiwa pamoja hawezi. Basi akaanza kunong'ona kwamba maziwa ya zamu yanawafikia watu wa porini kwa njia ya Dekha. Uongo mtupu. Dekha hupekuliwa langoni hata ndani ya chombo, na kwa vidole ambavyo sitaki kukuambia vilikuwa vichafu namna gani.

Wazee wenzangu waliitana. Wakakubaliana kwamba mwanamke mmoja asiwaponze watu wote, na kwamba Dekha atolewe katika zamu. Hofu yao naielewa. Wameona vijiji vikiadhibiwa kwa kosa la mtu mmoja, na mwenye hofu husamehewa. Lakini tamaa iliyovaa kanzu ya hofu na kujipaka manukato, hiyo ndiyo inayonitia kinyaa, Mama Zuhura. Nilitazama zile ndevu nyeupe zikiitikia kwa vichwa, na kila mmoja ananunua nyama kwa Gabow, na nikatamani kuondoka bila kuaga.

Baada ya alasiri Gabow alikuja kwangu, akimvuta kondoo mnene. Akaketi anasugua meno kwa mswaki huku akiongea. "Maalim, hatutaki makubwa. Wewe sema tu ni riba. Neno lako moja, wanawake watatulia nyumbani, na maziwa nitayabeba mimi." Alilisema jina la hukumu ya Mwenyezi Mungu kama mtu anayeagiza sukari dukani. Nilimweleza kwamba riba ni ziada juu ya deni, na hapa kila mmoja anapata kadiri alivyotoa. Nikamwambia aondoke na kondoo wake.

Akacheka. "Mkeo Mswahili alikulisha mahamri mpaka ukasahau kuwa mwanamume."

"Alinilisha halali, Haji," nikamjibu. "Nawe mfunge vizuri huyo kondoo, asije akakutangulia kutubu."

Najua ungenikataza kusema hivyo. Nimesema, na sijutii.

Wanawake hawakulifuata neno la wazee, na ikafika asubuhi ya Dekha. Maziwa yakaonjwa, yakamiminwa, akajitwisha chombo. Askari wa langoni akamwambia kwamba yeye hapiti, wengine wapite. Gabow alikuwa amesimama kando, amekunja mikono. Wepesi ungekuwa kumkabidhi mwingine chombo na ya kesho yatazamwe kesho. Habiba akaweka mkeka chini akasema, "Zamu ni ya Dekha. Asipotoka yeye, maziwa hayatoki." Wakaketi wote kwenye vumbi lile, na jua likapanda. Maziwa yalipoanza kuchacha wakawanywesha watoto wa kijiji. Siku iliyofuata wakafanya vivyo hivyo. Hakuna aliyempelekea Gabow hata kopo, ijapokuwa alipita kila mlango, na kwa wengine ndani hakukuwa na unga. Hilo naomba ulijue. Walikuwa na njaa, na walimngoja mwenzao.

Huko kambini askari wakawa wanakunywa sturungi, chai isiyo na maziwa. Mwishowe akaja mkubwa wao, mtu wa bara, kuuliza maziwa yamekwenda wapi. Habiba akamweleza kwa Kisomali nami nikafasiri bila kuongeza wala kupunguza. Akamuuliza askari kama mwanamke huyu amewahi kukutwa na kitu. Askari akasema hapana. "Basi fungua." Simsifu. Alitaka chai yake. Lakini Dekha akapita, na aliporudi kutoka mjini alikuwa na gunia la unga kichwani na dawa ya macho ya mwanawe, na wanawake wakampokea kwa vigelegele hadi nikajifuta uso.

Ungedhani mambo yangeishia hapo. Magharibi ile Gabow alikuwa safu ya mbele, analia katika dua hadi kanzu ikalowa. Wazee wale wale wakampa mkono. Na kwa wanawake wakasema kwamba wao tangu mwanzo waliwaona wana haki. Nilisalisha nikiwa na watu wa namna hiyo nyuma yangu, na Mola anisamehe, nilihisi uvundo mgongoni.

Sasa nimesikia kwamba Gabow amepata kwa shehe mwingine, mbali na hapa, ile hukumu niliyomnyima. Itasomwa Ijumaa baada ya sala. Nimetumiwa ujumbe kwamba nikikaa kimya nitaendelea kusalisha, na nikinena, atatafutwa mwingine. Habiba ameniuliza jambo moja tu: "Maalim, Jumamosi tuje na makopo au tusije?" Nimemwambia waje.

Lala salama, Mama Zuhura. Mola alifanye kaburi lako kuwa bustani, na akulipe kwa kila mlo ulionipa katika nyumba ya ugenini. Wala usinihurumie kwa ajili ya mimbari. Ahadi yangu kwako ni hii: Ijumaa nitasimama, nitasema kwamba maziwa haya ni halali na zamu ya Dekha ni haki yake, na nitamtaja kwa jina anayetaka kuvila vyote viwili. Nitasema kwa Kisomali, ili Gabow asije akadai kwamba hakunifahamu. Kisha nitasema tena kwa Kiswahili, kwa sauti ya kumfikia askari aliyeko langoni.

Mumeo.