Meza ya Bi Filister

Kwa Shangazi Helen, Mbita,

Mpaka jana sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba nilipoingia Kidato cha Kwanza nilisoma kwa sauti vizuri kabisa, lakini sikuelewa nilichosoma.

Hapa Migori mvua imeanza na sare hazikauki. Jana alikuja mtafiti kutoka chuo kikuu kuuliza kama mkutubi wetu anatusaidia masomoni. Mwalimu mkuu alikuwa ametuambia kwamba ikionekana hasaidii, muhula ujao Bi Filister ataachishwa kazi na maktaba itageuzwa darasa.

Bi Filister hakupi kitabu kingine kabla hujakifunga ulichosoma na kumsimulia ulichoelewa. Ukishindwa, unarudi nacho.

"Ile meza yake ni mpaka wa Isebania, madam," Bravin wa darasa letu alimwambia mtafiti. "Ukifika lazima uhojiwe kama unavuka kuingia Tanzania."

Darasa zima likacheka.

"Kwa hivyo anawachelewesha?"

"Sana," wakajibu.

Lakini mimi, hapo mezani ndipo nilipojifunza kuelewa. Muhula wote wa kwanza alinirudisha na kitabu kilekile, na hakunitangaza kwa mtu.

Mtafiti alipotoka nilimfuata hadi kwenye gari, nikamweleza. Aliuliza kama angeweza kumwambia mwalimu mkuu bila kunitaja jina. Nikamjibu kwamba nitasema mwenyewe. Tukaingia ofisini, nikakataa kiti, nikaanza kueleza upya.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako,
Celestine