Ubao wa Maktaba ya Shee

Jumatatu, 8 Septemba

Maboksi mengine kutoka ng'ambo. Punda wamegoma kwenye kona ya ghala, tukabeba wenyewe, mimi na wapagazi. Mgongo wangu si wangu. Nimefungua, nimepangusa, nimepanga. Hadithi za watoto, sawa. Kamusi, sawa. Kitabu cha kufuga mbwa ndani ya nyumba. Kingine cha kuendesha gari kwenye theluji. Nimecheka peke yangu kama mwehu.

Vingi vina majina ya watu ukurasa wa kwanza. Njeri, msimamizi wa mradi wa maktaba aliyetumwa kutoka Nairobi, anasema wengi wao wameshakufa, watoto wao ndio waliotoa vitabu. Kwa hiyo nashinda na vitu vya wafu kutwa nzima. Sipendi. Nafanya.

Jumatano, 10 Septemba

Shee amepiga chafya ghalani. Tatu mfululizo, zile zake za vumbi. Nilikuwa nimeinama kwenye boksi, nikasema bila kufikiri, "Funika pua, bwana." Kisha nikageuka. Rafu tu, hakuna mtu.

Nimetoka nje nikasimama juani. Njeri akaniona, akauliza. Nikamsimulia yote, sijui kwa nini. Kwamba Shee, mume wangu, ndiye aliyetunza maktaba ya kijiji chetu kule bara. Kwamba siku wapiganaji walipokuja kuchoma kijiji, sisi tulikimbilia mashuani, yeye akarudi kuokoa vitabu vya wakfu. Moshi tuliuona tukiwa majini. Vita vilipotulia watu walichakura majivu. Hawakukuta kitu, hata kiatu. Tangu hapo niko hapa kisiwani, mtaa wa Mkomani, na mama yake, Bi. Mwanakombo. Si mke, si mjane.

Njeri alilia. Mimi sikulia.

Ijumaa, 12 Septemba

Furaha leo, niseme ukweli. Wafadhili wamekubali maktaba mpya ya kijiji chetu kule bara iitwe kwa jina la Shee. Njeri amekwisha agiza ubao wa kuchonga kwa Fundi Athman, mtaa wa nyuma. "Ni surprise, Bi. Zuhura, utaona tu!" Sikuuliza umeandikwa nini. Jina lake tu lilinitosha.

Jumamosi, 13 Septemba

Maktaba ya Marehemu Shee. Ndivyo ulivyoandikwa.

Fundi aliuweka barazani mafuta yakauke. Hapa Mkomani hakuna anayeliandika neno marehemu kwa mzaha. Waliopita walisoma, wakaamini habari ya kifo imekuja kutoka bara. Kabla ya adhuhuri wanawake wameshajaa kwangu. Mikeka ikatandikwa. Juzuu za Kurani zikagawiwa. Mtu alikuja na birika la kahawa, sijui hata la nani. Nilisimama mlangoni nikisema hapana, hakuna habari, hajapatikana. Kadiri nilivyokana ndivyo walivyonikumbatia. Walidhani ni uchungu.

Nikatafuta mama mkwe anisaidie kuwafukuza. Nikamkuta ameketi katikati yao, anapokea mkono wa taazia.

"Ndoo, Zuhura, keti," akaniambia, akinionyesha nafasi mkekani. "Mato yangu yamekwisha kutezama ndia. Mwanangu hakuya."

Macho yamechoka kutazama njia, mwanawe hakuja: alisema hivyo mbele ya wote.

Nimemchukia. Naandika hivyo hivyo. Nimemchukia mwanamke ninayemkandia unga kila asubuhi.

Jumapili, 14 Septemba

Nimemfokea Njeri mbele ya wapagazi. Masikini, alidhani anatupa heshima. Nikaenda kwa Fundi Athman, nikamwambia aliondoe lile neno. Hakubisha. Alichukua randa, akaulaza ubao mapajani.

"Sema yu hai, Bi. Zuhura, nami talipija randa sasa hivi."

Nimemwachia ubao wake. Nimerudi nyumbani kwa njia ya nyuma, watu wasinione.

Jumanne, 16 Septemba

Nimekaa ghalani tangu asubuhi. Sikufungua boksi hata moja. Nilikuwa namngoja Shee. Nikatikisa vitabu makusudi, vumbi likajaa hewani. Kimya. Nikamwita kwa jina. Kimya.

Na jana usiku nilimsikia mama mkwe akiomba. Anaomba asife kabla hajamwombea mwanawe kama wanavyoombewa maiti. Miaka yote hii hakuthubutu kwa ajili yangu. Kila nilipomwambia Shee atarudi, aliitika inshallah. Mimi nikaona ni imani. Kumbe ananihurumia.

Najionea haya. Nitaenda kwa kadhi.

Alhamisi, 2 Oktoba

Kadhi ametusikiliza. Mashahidi wawili, wote wa mashua ile ile, wamesema walichoona. Akauliza kwa upole nani anayeomba hukumu hii. Mama mkwe akanitazama. Nikasema mimi. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

Amehukumu kwamba Shee amekufa. Eda yangu inaanza leo.

Njeri ndiye aliyekumbuka, nje ya mahakama: maktaba inafunguliwa wiki ijayo. Mwenye eda hatoki. Nimepanga kila kitabu, na sitakiona hata kimoja kikishikwa na mtoto. Alitaka kuahirisha. Nikamwambia wageni wa ng'ambo wameshapanda ndege, na watoto wa kijiji wamengoja vya kutosha. Nilisema kwa ukali. La sivyo ningelia njiani.

Ubao nimeuacha kama ulivyo.

Usiku. Nimevua bangili. Nimeosha wanja. Mkono mwepesi, unanitisha.

Jumamosi, 11 Oktoba

Njeri na wageni wameondoka na vitabu jana. Nyumba imetulia. Mama mkwe amesoma Yasini, kisha akalala mchana, jambo ambalo sijamwona akilifanya tangu tuhamie hapa.

Alasiri Njeri amenipigia simu kutoka kijijini, akaiacha wazi nisikie. Upepo. Viti vinaburutwa. Watoto wanagombania kitabu, nadhani ni kile cha mbwa. Kisha mwalimu akawanyamazisha, akawasomesha ubao wa mlangoni, neno kwa neno, nao wakafuatisha kwa sauti zao kali. Sikukata simu. Walipofika kwenye jina nilikuwa nimekaa kitandani, upande niliomwachia miaka yote.

Nikasema, Mungu amrehemu. Sikuwahi kumwombea hivyo.